Watoto Wetu Wadogo na Mvua za Masika

Hotuba iliyosomwa na Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, kwa niaba ya Halmashauri ya Shule

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na wanachama wote mliofika leo ijapokuwa njia ni tope tupu:

Kila mwaka habari za shule yetu ya watoto wadogo huchukua mistari mitano au sita katika ripoti hii. Huandikwa hesabu ya watoto, karo iliyolipwa na isiyolipwa, na mabenchi yaliyovunjika. Kisha hufuata habari za mazishi na mikopo, ambazo ndizo watu wengi huzifungulia kitabu. Mwaka huu tumeomba nafasi kubwa zaidi, na sababu yake mnaijua. Mbele yenu limewekwa azimio la kujenga vyumba vinne vya kupangisha katika kiwanja kilicho nyuma ya darasa, mahali ambapo watoto wamekuwa wakilima kwa miaka mitatu sasa. Kabla hamjainua mikono, twawaomba mtusikilize ni kazi gani ifanyikayo pale, hasa katika miezi hii ya mvua. Wengi wetu tumepita karibu na ua ule, tukaona watoto wenye matope hata magotini, tukatikisa vichwa na kwenda zetu.

Sisi tushikao vitabu vya chama tulikuwa wa kwanza kutikisa vichwa, na ni haki tuungame hapa. Mwalimu alipotuletea barua ya kuomba fedha za mbegu na vijembe, tuliziandika katika safu ya matumizi mengineyo, tukazikata nusu, tukadhani tumefanya wema.

Jambo lililotugeuza nia lilianzia ukutani. Darasani palikuwa na karatasi kubwa ya picha iliyonunuliwa mjini, nayo ilionyesha majira manne ya mwaka. Katika picha ya kwanza miti ilijaa maua meupe, wana-kondoo wakirukaruka, na mtoto mwenye kofia ya sufu alichuma maua ya manjano. Ya pili ilikuwa ya jua na pwani. Ya tatu ya majani mekundu yaangukayo. Ya nne ya theluji. Kila asubuhi watoto walisimama wakayataja majira hayo kwa Kiingereza, kwa sauti moja, bila kukosea. Kwa hakika tulijivuna, na mgeni akija tulimpeleka asikie.

Basi siku moja, mwishoni mwa Machi, tulikwenda kukagua mabati yavujayo. Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imenyesha usiku. Nje, hatua chache tu kutoka dirishani, akina mama walikuwa wakipanda mahindi. Mwalimu akawauliza watoto, "Sasa tuko katika majira gani?" Mtoto mmoja akajibu kwamba ni ya theluji, maana alihisi baridi. Mwingine akataja ya majani mekundu. Wa tatu akataja ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ianzayo wimbo. Hata mmoja hakusema ni wakati wa mvua, wala wakati wa kupanda. Bibi Mwalimu hakuwakemea. Alingoja hata watoto wakaenda nyumbani, akaibandua karatasi ile, akaigeuza, na upande wa nyuma uliokuwa mweupe akaanza kuchora mawingu.

Msidhani twaidharau picha ile. Ina kwao, na kwao ndiko zilikotoka shule za namna hii, nasi twaona yafaa mjue habari hiyo.

Aliyeziasisi aliitwa Friedrich Fröbel, Mjerumani wa nchi ya Thuringia, mwana wa mchungaji wa kanisa, aliyezaliwa mwaka 1782. Mama yake alifariki kabla yeye hajatimiza mwaka mmoja. Alipokuwa kijana alipelekwa kujifunza kazi kwa mtunza misitu, na baadaye akawa mwalimu. Mwaka 1837 alifungua mahali pa kuwafundisha watoto wadogo katika mji mdogo wa Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Jina hilo halikuwa pambo tu. Aliwapa watoto mipira ya sufu ya rangi sita, na tufe na mchemraba na silinda za mti, na mchemraba uliokatwa vipande vinane. Lakini pia aliwapa ardhi. Mwenyewe alieleza bustani ipangwe hivi: katikati viwe viwanja vidogo, kila mtoto na chake, na kuvizunguka viwe viwanja vya wote, vya maua na vya mboga na nafaka. Katika kiwanja chake mtoto alikuwa huru kupanda apendavyo, na akizembea, huona mwenyewe matunda ya uzembe wake. Katika kile cha wote hufanya kazi pamoja na wenziwe.

Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwezi wa Agosti 1851, ikidai kwamba zafundisha watoto kumkana Mungu na kufuata siasa ya ujamaa. Wengi husema kwamba wakubwa walimchanganya Fröbel na mtoto wa ndugu yake, Karl Fröbel, aliyeandika mambo ya siasa. (Sisi makarani twajua jina moja likiandikwa mahali pa jingine huleta balaa gani.) Mzee akafa Juni 1852, na marufuku haikuondolewa mpaka 1860. Lakini wanafunzi wake, wanawake wengi miongoni mwao, walikwisha kuichukua kazi yake hata Uingereza na Marekani.

Sasa, kwao Fröbel jira la kuchipua si jambo dogo. Mchana wa Desemba huwa wa saa nane tu, na ardhi hukaa baridi miezi mingi. Ifikapo Machi na Aprili mchana hurefuka, theluji huyeyuka, na miti iliyosimama mitupu hutoa macho ya majani. Hapo ndipo watoto hutolewa nje. Hukata vijiti vya miti na kuvitia katika maji darasani wapate kuona majani yakifunguka. Huotesha mbegu juu ya kitambaa chenye maji. Huchungulia mayai ya vyura katika vidimbwi. Kila anachokitaja mwalimu, mtoto aweza kukishika. Kwa hiyo picha ile ya wana-kondoo na maua ya manjano ni ya kweli kabisa kwa mtoto wa huko. Kwetu hapa Nakuru, tulio karibu na ikweta, mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na ardhi haingojei joto. Hungoja mvua. Ikiwa Machi ya Thuringia huletwa na jua, yetu huletwa na wingu.

Wala Kiswahili hakikupungukiwa na majina. Watu wa pwani wana kaskazi, masika, kipupwe na vuli, nayo ni manne vilevile, na kila moja lina upepo wake na kazi yake. Wazee wa Kikuyu wameziita mvua hizi kwa jina la njahi, na mvua za mwisho wa mwaka kwa jina la mwere, wakilitaja jira kwa kile kipandwacho. Mtoto aliyezaliwa katikati ya hekima hiyo tulikuwa tukimfundisha kutaja theluji.

Yafanyikayo sasa katika masika ni haya.

Kabla mvua hazijaanza, Mwalimu huloweka maharagwe katika bakuli usiku mmoja. Asubuhi watoto huyalinganisha na makavu na kuona yamevimba. Kisha kila mmoja hupewa gilasi au chupa ya jemu, na haragwe huwekwa kati ya kioo na gazeti lililoloweshwa. Jambo hili la chupa lina kisa chake. Mwaka wa kwanza hapakuwa na chupa. Watoto walipanda moja kwa moja ardhini. Mvulana mmoja kila asubuhi alilifukua haragwe lake aone kama limeota, akalifukia tena. Siku ya nne mzizi ulikuwa umetoka, naye akaukata kwa kidole. Wenziwe walipopata mimea, yeye alikuwa na shimo. Alikaa kando ya shimo lile siku mbili asitake kucheza. Ndipo Mwalimu akatafuta chupa, akampa haragwe jingine, akamwambia, "Hili litazame utakavyo, bali usiliguse."

Na katika chupa zile tumejifunza hata sisi. Mwalimu huwaambia watoto wayaweke maharagwe kila namna, mengine wima, mengine ubavu, mengine kichwa chini. Mzizi hutoka ukaelekea chini, na ukiwa umeanzia juu hujipinda hata ukashuka. Shina hujikunja kama ndoano, likajiinua na kulibeba haragwe lenyewe likiwa limepasuka vipande viwili. Hindi halifanyi hivyo. Hutoa jani moja lililosokotwa kama mkuki, na punje hubaki ardhini. Msichana mmoja alisema kwamba haragwe limebeba nyumba yake kichwani, hindi limeiacha chini. Bwana Mwenyekiti, sisi tulisoma habari hizo katika shule ya sekondari ya misheni. Tulizikariri, tukazijibu katika mtihani, tukapewa alama. Hatukuwa tumepata kuziona kwa macho mpaka tulipoinama mbele ya dirisha la darasa la watoto wa miaka mitano, tukiwa na kalamu mfukoni.

Mvua ikishika, hutoka kiwanjani. Tumeiga mpango wa Fröbel kwa kadiri ya nafasi yetu: katikati vipande vidogo, kila mtoto na chake, hatua moja kwa moja, pembeni mstari wa wote wa mahindi na maharagwe, na sukuma wiki upande wa maji. Nafasi ya mashimo hupimwa kwa nyayo zao wenyewe. Punje mbili katika kila shimo. Hivyo mtoto ahesabu mbili, nne, sita, nane bila kujua kwamba amefundishwa hesabu. Maharagwe huyaita kila mmoja kama mama yake: mboco, oganda, na majina mengine ambayo hatuwezi kuyaandika sawasawa, kisha wote huafikiana juu ya neno la Kiswahili. Tumesikia mabishano makali juu ya neno lipi ni la kweli.

Kila kipande kina kibao chenye jina la mwenyewe. Mwanzoni Mwalimu aliviandika vyote. Asubuhi moja vibao viwili vilipatikana vimebadilishwa, kwa upepo au kwa hila, na watoto wawili walisimama juu ya mmea mmoja wakidai. Tangu siku ile kila mtoto hutaka kulijua jina lake kwa herufi, na la jirani yake pia. Twalisema hili kwa ajili ya baba mmoja aliyekuja ofisini petu na sweta la mwanawe lililojaa tope, akaliweka juu ya meza, akauliza kama alilipa karo ili mtoto afundishwe ukulima ambao babu yake angemfundisha bure. Alisema mtoto wa jirani, asomaye katika shule nyingine, aandika mpaka mia moja. Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimpa kiti na chai. Mwezi wa Juni mtoto wake alisoma vibao vyote vya mstari wa kwanza mbele yake, akikosea kimoja. Baba yule hakusema neno, na sweta analifua bado.

Kila Ijumaa ni siku ya kupima. Mtoto hukata uzi ulio sawa na kimo cha mmea wake, na nyuzi hutundikwa ukutani kwa safu, Ijumaa baada ya Ijumaa, zikawa kama ngazi. Asiyejua kuiandika saba aweza kuonyesha kwa kidole ni wiki ipi mmea ulikua sana. Mwaka jana mvua ilikatika siku tisa mwezi wa Mei, na nyuzi za wiki mbili zikawa karibu sawa. Watoto ndio waliouliza kwa nini. Walipelekwa kwenye kopo la mvua, wakaliona kavu.

Kopo hilo ni la kawaida, lenye pande zilizonyoka, limesimamishwa mahali pa wazi mbali na paa, na rula hutiwa ndani kila asubuhi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuliposikia hivyo tulikwenda kupima paa la darasa tukakuta ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 10, ambayo si kubwa kwetu wakati wa masika, huangusha lita 600 juu ya mabati yale, nazo zote hushuka ukutani na kubomoa msingi, huku sisi tukinunua maji ya mitungi. Haya tumeyajua kwa sababu ya kopo la watoto. Ombi la mfereji wa paa na tangi limo katika makisio ya mwaka ujao, na safari hii hatukulikata nusu.

Mvua kubwa ikipiga mabati, mwalimu hasikiki hata akipiga kelele. Zamani hapo ndipo ghasia zilipoanza. Sasa huwapa watoto udongo wa mfinyanzi, na hufundisha kwa mikono tu mpaka mvua ipungue. Wamefinyanga ng'ombe, matatu, na kiti cha Mwenyekiti wetu, kimetundikwa hirizi ya kadi ya chama, twaomba asikasirike. Baada ya mvua za kwanza hutoka kumbikumbi, na mbawa zao hujaa mlangoni. Watoto ambao kwao huliwa walileta waliokaangwa katika karatasi, wengine wakaziba pua, wawili wakaonja. Viluwiluwi hufugwa katika karai siku chache, hata miguu ya nyuma itokee, kisha hurudishwa penye maji.

Mwaka jana pia watoto ndio walioona viwavijeshi kabla ya mkubwa yeyote. Twasema juu ya viwavi wale wa aina mpya ambao kuwapo kwao nchini kulithibitishwa mwaka 2017, wajifichao katika moyo wa hindi changa. Macho ya mtoto wa miaka mitano yako sawa na moyo wa hindi, yetu yako juu mno. Waliokota kwa vijiti, wakawahesabu katika kopo, na kuku wa mlinzi wakafaidi. Mama wawili walikwenda kukagua mashamba yao siku hiyo hiyo wakawakuta.

Si mambo yote yaliyofanikiwa. Mwaka wa kwanza tulipanda juma la mwisho la Machi, shule zikafungwa Aprili. Hakuna aliyefikiri. Watoto walipata likizo. Magugu na mbuzi hawakupata. Shule ilipofunguliwa, darasa zima lilikimbia nyuma ya jengo, na tulisikia kimya tukiwa ofisini. Vipande vyote vilikuwa nyasi, isipokuwa mashina ya mahindi manne yaliyotafunwa. Mtoto mmoja aliuliza kama tulijua. Tulijua; tulipita pale kila siku tukienda kufungua ofisi, na mbuzi tuliwaona. Hatukuiona kuwa kazi yetu. Tangu hapo pana zamu ya likizo: kila Ijumaa watoto wawili na mkubwa mmoja hupalilia na kupima, ili ngazi ya nyuzi isikatike. Nyanya mmoja wa mtaa huu, ambaye hata hana mjukuu shuleni, ameshika zamu tatu mfululizo na kutusahihisha namna ya kuchanganya maharagwe na mahindi. Ua pia umezibwa.

Pana hatari nazo, na hatutazificha. Udongo hubeba minyoo, na kopo lililosahauliwa lenye maji huzaa mbu. Kwa hiyo mtoto haingii darasani wala hagusi chakula kabla hajanawa kwa sabuni. Dumu limefungwa kwa kamba na kijiti cha kukanyagia, hivyo mtoto hafungui bomba kwa mkono mchafu. Kila jioni makopo yote hupinduliwa. Viatu vya mpira tulivyonavyo havitoshi watoto wote, na hupokezana. Hilo ni pungufu letu.

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba wakati wapotea. Twawaelewa, maana wanaogopa. Wamesikia kwamba pana shule zinazompa mtoto wa miaka sita mtihani kabla ya kumwandikisha. Yafaa wajue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya serikali kumpa mtoto mtihani ili akubaliwe, isipokuwa wa kujua apangwe darasa gani. Na mtaala wa chekechea ulioanza kutumika nchini kote Januari 2019 unaziweka shughuli za mazingira bega kwa bega na za lugha na za hisabati. Mwalimu hakujitungia mchezo wake. Zamani, katika miaka ya 1950, vituo vingi vya watoto katika vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari viliwekwa ili kuwalinda tu mama zao wakiwa kazini. Hata leo wako miongoni mwetu waonao shule hii ni ghala ya kuwekea watoto mpaka jioni, na wako waionao kuwa kiwanda cha kuandika mpaka mia. Hao wa pili hupenda kututajia kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Ni kweli. Lakini kila mfinyanzi ajua pia kwamba chungu kibichi kikitiwa motoni hupasuka.

Mwisho, fedha. Hatutawaficha kwamba vyumba vinne vingeleta kodi kila mwezi, na kwamba chama chahitaji kodi. Paa lavuja. Mshahara wa msaidizi wa Mwalimu ulicheleweshwa miezi miwili mwaka huu, na kosa hilo ni letu, si la mtu mwingine. Yule aliyeleta azimio hakulileta kwa ubaya. Ila kiwanja kile ni hatua 20 kwa 12, na vyumba vikijengwa hapatabaki hata mahali pa kuweka kopo la mvua. Halmashauri ya Shule imepima upande wa barabarani, mahali pa banda la zamani la kuni. Vyumba viwili vyaweza kujengwa pale, na kodi yake itakuwa nusu. Lakini barabarani chumba cha mbele chaweza kuwa duka, na duka hulipa zaidi ya chumba cha kulala. Ramani na makisio vimefungwa katika kurasa za nyuma za kitabu hiki. Twaomba azimio lirekebishwe hivyo kabla ya kupigiwa kura, na ikiwa mkutano utakataa, twaomba ujenzi usianze kabla ya mwisho wa Juni, maharagwe yapate kuvunwa.

Anayetaka kuona kwa macho yake, darasa li wazi kila Ijumaa saa tatu asubuhi, saa ya kupima. Nyuzi za mwaka huu zimefika ya tisa. Mje na viatu visivyoogopa tope.